Mgeni akiuliza pa kumwaga, tusimwonyeshe mto

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni tangu Agosti mwaka jana: uchafu wa vyoo vya magari ya wageni kumwagwa mtoni.

Mimi ni mpishi wa safari za kambi, naishi Usa River. Nimepika porini miaka 22. Zamani wageni wangu wote walikuwa wa mahema. Siku hizi napata pia wageni wanaokuja na magari yao wenyewe, yale yenye nyumba mgongoni: kitanda, jiko la gesi, sinki, friji, tenki la maji na sola juu ya paa. Wengine wameshuka nayo nchi kwa nchi hadi kuvuka Namanga. Wakifika Arusha hawaulizi hoteli. Wanaulizia mahali penye kivuli, kimya na mto.

Agosti hiyo nilichukuliwa na mume na mke kutoka Ujerumani, wastaafu wote wawili, niwapikie chakula cha kwetu na niwe mkalimani wao. Tukalala siku tatu kwenye kambi moja kando ya maji yanayoingia mto Kikuletwa, ng'ambo ya Boma Ng'ombe, vumbi tupu tangu unapoacha lami. Kambi sitaitaja. Haina umeme wala bomba. Ina choo cha shimo cha mabati, mafiga matatu chini ya mkuyu, na tumbili wanaongoja ugeuke wachukue mkate. Wageni walipapenda vivyo hivyo palivyo, na mimi pia napapenda. Mzee alipanga mawe bapa chini ya tairi za mbele ili gari likae sawa, kisha akaweka glasi ya maji mezani na kuinama kuyatazama kama yamelala upande. Alirudia mara nne mpaka akaridhika. Jioni niliwapikia makande, wakala huku mto ukisikika gizani.

Asubuhi ya tatu choo cha gari kilikuwa kimejaa. Kwa asiyekijua, chini ya kiti kuna kasha la plastiki linalochomolewa kwa nje, kupitia mlango mdogo ubavuni mwa gari. Ukubwa wake ni kama dumu la lita 20, lina mpini na magurudumu kama sanduku la safari. Ndani hutiwa dawa ya bluu ya kuzuia harufu. Mzee akalikokota hadi kwa mlinzi, akaniambia nimuulize pa kumwaga.

Mlinzi ni kijana mwenye adabu. Akanyoosha mkono kwenye mto. "Mwambie amwage hapo tu, mjomba, maji yanapeleka."

Nikatafsiri. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: nilitafsiri kama lilivyo, nikanyamaza. Mzee aliniangalia usoni, akauliza mara ya pili kama ni kweli pale mtoni. Nikasema ndiyo. Akashuka.

Ile bluu haikuchanganyika haraka kama nilivyodhani. Ilishika ukingo, ikapita chini ya mizizi ya mkuyu kama utepe, ikakata kona. Na penye kona, si zaidi ya mita 100, kulikuwa na binti wa miaka kama kumi anachota. Nilikimbia. Nilipofika ndoo ilikuwa imeshajaa, ameifunika kwa majani. Akanisalimia, "Shikamoo." Nikamwambia maji hayo ayamwage, akachote juu ya kambi. Aliyamwaga bila kuuliza chochote, akapanda na ndoo tupu.

Mama mkwe wangu anaishi upande wa chini, Rundugai. Maji haya haya ndiyo yanayonywesha mahindi yake na ng'ombe wake. Nimekunywa chai kwake mara nyingi.

Usiku ule mzee hakula vizuri. Alinieleza kwamba huko kwao viwanja vya magari haya vina mahali maalumu pa kumwagia: sakafu ya zege, bomba la kusuuzia, tundu lenye mfuniko linalopeleka uchafu kwenye mfumo wa maji taka. Na Marekani, walikozunguka na gari hilo hilo, zipo kambi za porini kama yetu zisizo na kitu, na huko walifundishwa kwamba hata maji ya kuoshea vyombo unayabeba hatua 70 kutoka mtoni ndiyo uyamwage, tena kwa kuyatawanya. Cha chooni hukimwagi porini kabisa, unaondoka nacho mpaka ufike panapostahili.

Sisi nasi tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hatua 70 na mita 60 hazipishani sana. Lakini mlinzi yule angemwelekeza wapi, wakati kambi haina shimo lolote la kazi hiyo?

Kwa hiyo nawaomba wenye kambi za kando ya mito, Arusha na Kilimanjaro: chimbeni shimo la magari peke yake, lijengewe, liwe na mfuniko na pipa la maji ya kusuuzia. Lisiunganishwe na choo cha kambi, kwa sababu dawa ya bluu huua vijidudu vinavyoozesha kinyesi, na choo kisichooza hujaa upesi na kunuka. Na liwe juu, upande wa barabarani, pakavu. Karibu na mto hukawii kukuta maji ukichimba. Halafu masika mvua ikinyesha Meru, mto hujaa usiku wakati kambini halijaanguka hata tone. Mimi mwenyewe nimewahi kuhamisha mahema saa nane za usiku. Shimo la ukingoni litaondoka na maji hayo. Kama gharama ni tatizo, mtozeni mgeni. Wangu wangelipa shilingi 10,000 kwa furaha kuliko kubeba aibu ile.

Serikali za vijiji zinazopokea ushuru wa kambi hizi ziulize swali moja: gari likija na choo, linamwaga wapi? Na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo ofisi yake kuu ipo hapo hapo Moshi, naiomba iziangalie kambi hizi kama inavyoangalia wachotaji wengine wa maji ya mto.

Wapishi na madereva wenzangu, sisi ndio tunaoulizwa kwanza. Mlinzi akionyesha mto, kataa hapo hapo, kabla hujatafsiri.

Wale wazee wameniandikia. Wanarudi Julai na wanataka kulala pale pale chini ya mkuyu. Wameuliza kama pameshapatikana pa kumwagia, na sijawajibu.

Mpishi wa safari za kambi,
Usa River, Arusha