Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Nairobi: wapimeni vinywa watafunaji popoo

Mheshimiwa Waziri,

Mjomba wangu hapa Pangani hali chapati mpaka ilowekwe kwenye chai. Ametafuna popoo, ile kokwa ngumu ya mti wa mpopoo, tangu ujanani: jani la tambuu, chokaa, katu (kitu cha kahawia kinachotolewa kwenye mti), kipande cha popoo, halafu tonge lote linakaa shavu la kushoto kutwa nzima. Shavu hilo sasa limekakamaa. Ukilipapasa kwa ndani unakuta kama kamba. Mtu mzima wa afya huingiza vidole vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya mbele. Kwake kimoja kinapita kwa shida.

Ilianza kwa pilipili kumchoma. Alikwenda zahanati akapewa dawa ya kusukutua, akarudi, akapewa ileile. Hakuna aliyemmulika tochi mdomoni. Naye alijituliza kwamba hatii tumbaku, ilhali tangu mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeeleza wazi kuwa popoo, hata bila tumbaku, huleta saratani.

Ninachoomba si mashine ya mamilioni. Mhudumu anakwangua shavu kwa kibrashi, anapaka seli kwenye kioo, anazihifadhi kwa spiriti, kisha maabara inazitia rangi na kuzitazama kwa hadubini. Hakuna sindano wala kisu. Seli iliyoanza kuharibika huonyesha kiini kikubwa kupita kawaida, cheusi zaidi, na pengine vijiini vidogo pembeni yake. Akina mama hupimwa mlango wa kizazi kwa njia hiihii, kwa hiyo ujuzi upo.

Najua kukwangua peke yake hakutoshi. Makovu yanayokaza shavu yako chini ya ngozi ya juu, na seli zikitiliwa shaka lazima kikatwe kinyama kidogo kichunguzwe. Basi mhudumu apime pia upana wa mdomo, aangalie mabaka meupe, na mgonjwa apewe barua ya kwenda hospitali kubwa siku hiyohiyo, asiambiwe arudi mwezi ujao.

Anzeni Ngara, Pangani na Eastleigh. Binamu yangu, mtoto wa mjomba huyuhuyu, ana miaka 22 na kila jioni ananunua vipakiti vya popoo tamu dukani. Siku mtakayofungua huduma hiyo, nitamleta mwenyewe asubuhi na mapema.

Wako,
Mkazi wa Pangani