Kujitolea kusiwe kwa wenye nauli tu

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo linanikera muda mrefu na sioni watu wakilisema waziwazi.

Kila yakitajwa Malengo ya Maendeleo Endelevu, yale 17 ya kupambana na umaskini na kulinda mazingira ambayo nchi zote 193 za Umoja wa Mataifa (UN) ziliyapitisha Septemba 2015, lazima vijana nao watajwe, oo vijana wajitokeze, vijana wajitolee, na kweli wanajitokeza, wanapanda miti, wanaokota plastiki ufukweni, wanapita nyumba kwa nyumba kuhamasisha chanjo. Naunga mkono kabisa. Kule Estonia mwaka 2008 watu kama elfu 50 walitoka siku moja wakazoa taka nchi nzima, na leo usafi wa namna hiyo unafanyika duniani kote kila Septemba, kwa hiyo nguvu ya watu kujitolea haina ubishi.

Swali langu ni nani anaweza kujitolea? Kuna nauli, kuna chakula cha mchana, kuna bando maana siku hizi hata fomu ya kujiunga iko mtandaoni, na kuna ile siku nzima ambayo kijana angetafuta kibarua akarudi na chochote nyumbani. Yule anayelipiwa kila kitu na wazazi atamaliza miezi sita bila shida, atatoka na cheti na watu wa kumsemea akiomba kazi. Mwenzake anayetegemewa na wadogo zake ataishia wiki ya pili, halafu utasikia watu wanasema vijana wa siku hizi hawana moyo. Moyo anao jamani, nauli ndo hana!

Hapo ndo tunajipinga wenyewe, manake lengo namba 10 linataka tupunguze pengo la walionacho na wasionacho, na ahadi kubwa ya malengo yote ni kwamba asiachwe mtu nyuma, halafu mlango wa kuingia kuyafanyia kazi unamfungukia mwenye hela. Na huyo aliyebaki nje ndo anajua shida ya maji ikoje, ndo amesoma shule isiyo na choo, yaani mradi unamkosa mtu ambaye ungemhitaji kuliko wote. Lengo namba 8 nalo lilisema hadi 2020 vijana wasio na kazi, wasio shule wala mafunzo wapungue kwa kiasi kikubwa. 2020 ilishapita na bado wako wengi mno.

UN wenyewe wanalijua hili, programu yao ya watu wa kujitolea, UNV, iliyoanzishwa 1970 inawapa wanaotumwa vituoni posho ya kujikimu na bima, sio mshahara, ni hela ya kuishi tu, na hakuna anayesema kwa sababu hiyo hawajajitolea. Sasa kama UN wanafanya hivyo, na wakautangaza 2026 kuwa mwaka wa kimataifa wa kujitolea kwa maendeleo endelevu, kwa nini mashirika mengine yakiandaa bajeti hela ya tisheti, mabango na ukumbi inapatikana ila ya nauli haipatikani?

Kingine kinachoniuma ni vijana wanaokaa miaka wakifanya kazi ya ofisi kamili kwa jina la kujitolea. Kama unaripoti asubuhi kila siku, una bosi, na usipokuja kazi inasimama, hiyo ni ajira, mlipeni huyo mtoto wa watu.

Ombi langu kwa serikali, mashirika na wafadhili, nauli na chakula viingie kwenye bajeti kabla ya tisheti. Na tangazo la kutafuta watu wa kujitolea liseme wazi tangu mwanzo nauli ipo au haipo, ni miezi mingapi, kijana atafundishwa nini, na akimaliza anaondoka na nini mkononi.

Msomaji wako