Andikeni "panya" kwenye kichwa cha habari

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Leo nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu ya ile habari yenu ya mirija ya nano ya kaboni, yaani vijibomba vya kaboni vidogo visivyoonekana kwa macho, mliyoiita mwarobaini wa saratani.

Utafiti wenyewe siupingi, nauheshimu. Mirija hiyo ilipata umaarufu mwanasayansi wa Japani, Sumio Iijima, alipoieleza mwaka 1991. Ile ya ukuta mmoja ina kipenyo cha nanomita 1 hivi, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Ikiwa mitupu haichanganyiki na maji, basi huvishwa polima, aina ya plastiki, kisha hubandikwa kingamwili au asidi ya foliki, ambayo ni vitamini, ili inase kwenye seli za saratani, maana seli za baadhi ya saratani zina vipokezi, yaani sehemu za kunasia, vingi vya foliki. Ikimulikwa kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, hung'aa ikaonekana, au hupata joto la kuua seli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha huko kuua kwa joto mwaka 2005, kwa seli zilizooteshwa maabara.

Dada yangu ana saratani ya titi. Aliikata habari yenu kwa mkasi, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kadi yake ya kliniki. Siku ya kemo ya tatu akakataa kuwekewa dripu. "Nangoja hii ya mirija," akasema. Daktari akaisoma yote akiwa amesimama, akafika aya ya mwisho kabisa, akaweka kidole kwenye neno moja: panya. Dada akalisoma, akakikunja kile kipande, akanyoosha mkono. Muuguzi alichoma mara tatu ndipo akapata mshipa.

Neno hilo mmelificha mwishoni kwa nini? Na mengine mbona hamkuyaandika kabisa? Hamkusema kwamba hakuna dawa ya saratani ya mirija hii iliyoidhinishwa kwa binadamu. Hamkusema kwamba chembe za nano zikidungwa mwilini, nyingi huishia kwenye ini na wengu. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliopitia tafiti za miaka 10 ulikuta kwamba kiwango cha kati cha chembe hizo kinachofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 tu ya kilichodungwa. Hamkusema kwamba mwaka 2008 mirija mirefu iliyotiwa tumboni mwa panya ilileta madhara kama ya asbesto, yale madini ya nyuzi yanayoweza kuleta saratani. Mgonjwa anayehesabu siku anayahitaji hayo kuliko ile picha yenu ya seli zinazong'aa kijani! Mliyemwandikia ni yeye, na yeye ndiye aliyewaamini.

Tena mnasifu kuona seli moja moja ilhali majibu ya kipimo cha kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe wa dada yalichukua wiki 5. Wiki 5 alilala akigusa uvimbe ule ule kila usiku. Hilo nalo ni habari, na sijaona mwandishi wenu akilifuatilia.

Ombi langu ni dogo. Jaribio likiwa la panya, neno "panya" liwe kwenye kichwa cha habari, kwa herufi za ukubwa ule ule wa neno "saratani". Likiwa la seli za maabara, semeni "maabara" hapo hapo juu. Na muanze kabla ya Jumanne ijayo, kwa kuwa siku hiyo dada ana kemo ya nne, na akiwa kwenye foleni husoma gazeti lenu.

Msomaji wako wa siku nyingi