Shoga, nimehesabu vidonge vya mama

Zuhura shoga yangu, salama huko Tabora? Mama na watoto hawajambo? Najua nimekaa kimya tangu arobaini ya baba yake Hamisi, nisamehe, nina jambo linaninyima usingizi.

Juzi nilienda kijijini kwa mama. Ananituma miwani yake kwenye kile kibweta, nafungua nakuta amlodipini, zile dawa za presha nilizompelekea, zimebaki zaidi ya nusu! Vidonge thelathini, kimoja kila siku, vilitakiwa viishe kitambo. Namuuliza, ananijibu taratibu kabisa, "mwanangu nameza siku kichwa kikiuma, vingine ni akiba". Yaani dawa ya presha anaiwekea akiba kama mbegu ya mahindi. Na wewe ndo ulinifundisha presha haiumi, inakula kimyakimya mpaka siku mtu anaanguka mdomo umeenda upande, kama Bi Tatu.

Nilitaka kugomba nikashindwa, maana mama kapiga hesabu zake na ziko sawa. Kapita sitini, hana kitu, matibabu yake yanatakiwa yawe bure, lakini akienda zahanati anaambiwa dawa zimeisha kanunue. Kununua ni boti mpaka Kibirizi kule Kigoma mjini, ziwa likichafuka hakuna safari, halafu bodaboda mpaka famasi, alale kwa mtu ndo arudi kesho. Kidonge chenyewe cha bei ndogo, kinachommaliza ni nauli! Nauli ya kwenda na kurudi inazidi dawa ya mwezi mzima, halafu tunasema wazee wabishi hawamezi dawa.

Na aliyemtuma mara ya mwisho akauziwa boksi la kampuni ya ng'ambo bei mara nne, eti hii ndo kali. Nimesoma boksi, amlodipini miligramu 5, ileile.

Kinachoniuma zaidi, mbona wanaotumia ARV wanapewa za miezi mitatu, wengine sita kwa mkupuo, tena bure, mtu anaweka ndani anaendelea na mawese yake. Kumbe inawezekana. Presha nayo si ya maisha? Kwa nini mzee apande boti kila mwezi kufuata kitu kinachoenea kiganjani?

Nimeongea na wazee pale, wa presha na sukari wako kumi na mmoja. Nimewaambia wachange nauli ya mtu mmoja, abebe kadi zao zote za kliniki, awachukulie wote siku moja. Mama kakubali, ila anasema bila karatasi ya daktari watamfukuza, na hapo ndo nimekwama nikakukumbuka wewe mfamasia wangu.

Sasa niambie, daktari anaruhusiwa kumwandikia wa presha dawa za miezi mitatu? Mtu mwingine akienda na kadi yake atapewa? Famasi tuombeje ili watupe ile ya bei nafuu na isiwe feki? Zile za akiba mama azimeze tu au nimpeleke kwanza akapimwe? Na mzee Ramadhani anachoma insulini, friji hana, anaiweka kwenye chungu ndani ya mchanga wenye maji, itakuwa bado nzima kweli?

Nijibu kabla ya Ijumaa, Jumamosi narudi na boti ya asubuhi nataka niende na jibu.

Mwamvua wako