Kosa si lako, ni la vitu vyako

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Umeniuliza kwa nini ukitoka jikoni unakuwa umechoka na umekasirika, licha ya makabati yote mapya, na kama kosa ni lako. Si lako. Uzuri wa rangi macho huuzoea upesi, lakini kitu kilichobuniwa vibaya hukukwaza kila unapokishika, na kibaya zaidi hukufanya ujione mzembe.

Anza na jiko. Vichomeo vinne vimekaa mraba, swichi zake zimepangwa mstari mmoja. Ya kwanza kushoto ni ya kichomeo cha mbele au cha nyuma? Swichi nne zinaweza kugawanywa kwa vichomeo hivyo kwa namna 24, na kinachokuongoza ni vidoa vidogo tu vinavyofutika kwa kusuguliwa. Mwaka 1959 huko Marekani, watafiti Chapanis na Lindenbaum walijaribu mipangilio minne ya vichomeo na swichi. Ule ambao vichomeo vya nyuma vilisogezwa pembeni, hata vyote vikafuatana kutoka kushoto kwenda kulia sawa na swichi zake, haukuleta kosa hata moja. Zaidi ya miaka 60 baadaye majiko ya mraba bado yanauzwa, jambo linaloniudhi kwelikweli. Usinunue jingine. Chora upya kando ya kila swichi nukta nne za mraba, ujaze ile ya kichomeo chake tu, kwa rangi inayostahimili joto, kubwa kiasi cha kuonekana bila kuinama.

Maumivu ya mgongo yanaweza kuwa yanatokana na kimo cha meza. Simama wima ukiwa na viatu vya jikoni, kunja kiwiko pembe mraba, kisha pima kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Kwa kukatakata, uso wa meza uwe chini ya hapo kwa sentimita 10 hadi 15. Kwa kukanda unga ushuke zaidi, maana hapo unasukuma kwa uzito wa mwili. Meza nyingi hutengenezwa za sentimita 90 hivi, kana kwamba watu wote wana kimo kimoja. Ikiwa yako iko chini, weka ubao mnene wa kukatia, na chini yake kitambaa chenye unyevu usiteleze. Ikiwa juu mno, mabega yatapanda na shingo itakaza, kwa hiyo hamishia kazi ya kukanda kwenye meza fupi ya kulia chakula.

Mpini wa kisu cha kumenyea ukiwa mwembamba, vidole hubana kwa nguvu isiyo ya lazima. Unene wa sentimita 3 hivi humfaa mtu mzima.

Kuhusu birika linalochuruzika: mdomo wake ni mnene na umeviringana ukingoni, basi maji yakimiminwa polepole hung'ang'ania ukingo na kurudi chini ya mdomo. Mdomo mwembamba, wenye ncha kali iliyoinama, huyakata. Kwa sasa mimina kwa kasi zaidi, au paka mafuta ya kula kidogo sana chini ya ncha. Ukija kununua jingine, omba kulijaribu kwa maji dukani, na hakikisha ncha ya mdomo haiko chini ya ukingo wa birika, la sivyo litamwaga kabla halijajaa.

Niandikie kipimo cha kiwiko chako na kimo cha meza, nikuambie ubao wa unene gani utakufaa.

Wako daima.