Barua kwa Mwanangu: Funga Kitabu Kwanza

Mwanangu mpendwa,

Sasa huna mwalimu wa kukutungia mtihani, kwa hiyo utautunga mwenyewe. Kurudia ukurasa mara tatu huku ukiupaka rangi kunadanganya: macho yamezoea maneno, nawe unadhani umeelewa. Soma kurasa 4 au 5, funga kitabu, kisha andika unachokumbuka kwa dakika 5 bila kuchungulia. Ukimaliza, fungua usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Rangi hiyo ilipojaa ndipo pa kurudia.

Usishtuke ukikuta mengi yametoweka. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi kubwa mwanzoni, halafu kasi inapungua. Ndiyo maana marudio ya kwanza yasivuke kesho. Yanayofuata yawe siku ya 3, ya 7, kisha ya 21 au karibu na hapo. Majibu yakija bila jasho lolote, umerudi mapema mno, ongeza siku.

Mambo ya kushika kichwani yawekee kadi. Hapa wengi huharibu: mbele wanaandika "Moyo", nyuma wanajaza mistari 10. Ukikumbuka 6, umepata au umekosa? Kadi moja ibebe swali moja: "Damu itokayo mapafuni huingia chumba gani cha moyo?" Nyuma: "Cha juu, kushoto." (Kushoto kwa mwenye moyo, si kwa anayetazama mchoro; hiyo nayo ni kadi yake.)

Tafuta visanduku 3. Cha kwanza kipitie kila siku, cha pili kila baada ya siku 3, cha tatu mara moja kwa wiki. Ukipata, kadi inasogea mbele. Ukikosa, inarudi cha kwanza, hata ikiwa imetoka cha tatu. Tamka jibu kabla ya kugeuza kadi. "Aa, hii nilikuwa naijua" ni kukosa.

Kadi mpya zisizidi 5 kwa siku. Ukiweka 20, siku ya kwanza utaziona chache. Wiki ya pili marudio yamerundikana, na visanduku vinaishia uvunguni.

Leo usianze na kitabu kipya. Chukua ulichomaliza mwezi uliopita, usikifungue, uandike kwa dakika 5.

Mama yako