Danieli naye alikuwa na kazi nyingi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie jambo linalozungumzwa sana makanisani hapa Dodoma, nalo ni malalamiko kwamba Wakristo wa mji huu wamepoa. Wahubiri hutaja simu, ulevi na tamaa ya fedha. Sipingani nao, ila naona wanamwacha adui aliye mkubwa zaidi, kwa kuwa amevaa sura ya heshima: shughuli halali zisizokwisha.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kishindo mwaka 2016, na mji kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, karibu kila ninayemfahamu ana kiwanja anachokifuatilia, tofali anazozihesabu au kibali anachokisubiri. Kujenga nyumba si dhambi. Lakini nimeketi katika mafundisho ya Biblia ya katikati ya wiki, jirani yangu akiwa amefungua Maandiko kwenye simu, mara ujumbe ukashuka juu ya kioo kutangaza kiwanja Ihumwa; msomaji alipofika mwisho wa sura, jirani yangu alikuwa ameshauliza bei, ameshaelezwa ukubwa, na sasa ananinong'oneza mimi kutaka kujua kama hati za kule ni za miaka 33 au 99. Sura iliyokuwa ikisomwa ni ya sita katika kitabu cha Danieli.

Tukimtaja Danieli tunakumbuka tundu la simba, tunasahau kwamba alikuwa mtumishi wa umma mwenye majukumu mengi kuliko mkurugenzi yeyote wa Mtumba (ulipo Mji wa Serikali), mmoja wa wakubwa watatu waliowekwa juu ya maliwali 120 wa ufalme mzima. Wenye wivu walipekua utendaji wake wakakosa dosari ya kumshitakia, kwa hiyo hakuwa mtu wa kutoroka ofisini kwa kisingizio cha maombi. Amri ya siku 30 ya kukataza kumwomba yeyote isipokuwa mfalme ilipotiwa sahihi, alikwenda nyumbani kwake, ambako madirisha yalielekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyozoea kufanya tangu zamani. Kwangu mimi uzito wa habari yote uko katika mazoea hayo, kwa sababu hatari haikumzulia bidii mpya bali ilimkuta tayari ana saa zake.

Sisi tuna mikesha, semina na makongamano, lakini saa hatuna. Kijijini, rimu ya gari iliyotundikwa mtini iligongwa alfajiri, watu wakasali kwa kifupi ndipo wakashika jembe, hata katika msimu wa mvua, ambao huku kwetu ni mmoja tu kwa mwaka na haumsubiri mtu.

Wapo pia wenzetu wenye familia Dar es Salaam. Treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima kwa basi ikawa ya saa chache, na wengi sasa huondoka Ijumaa jioni na kurejea Jumapili. Ni jambo jema kwa ndoa na kwa watoto. Hata hivyo, usharika wa huku unaamini mtu huyo anasali Dar, usharika wa Dar una taarifa kwamba alihamishiwa Dodoma, na akikosekana miezi sita hakuna mzee wa kanisa wa upande wowote anayebisha hodi kwake. Mtu wa namna hiyo hakuiacha imani kwa kuamua. Ratiba ndiyo iliyomwachisha.

Kanisa lenyewe nalo lijitazame. Ibada ambayo mahubiri yake yanakatizwa ili kupisha matangazo ya kamati ya ujenzi, sare za kwaya na mnada wa kuku inawafundisha waumini shughulishughuli zilezile walizotarajia kuziacha getini. (Nimewahi kuwa katika kamati ya ujenzi, na nakiri paa haliezekwi kwa zaburi.) Matangazo yabandikwe ubaoni, mnada usubiri hadi watu watoke nje.

Ombi langu kwa mabaraza ya wazee ni dogo. Makanisa yaliyo kando ya barabara ziendazo Mtumba na katikati ya jiji yafunguliwe siku za kazi kuanzia saa 12:00 hadi saa 1:00 asubuhi, kabla ofisi hazijaanza, ili anayepita aingie, asome sura moja, asali, aende zake. Pasiwe na mhubiri, kipaza sauti, sadaka wala kitabu cha mahudhurio, na anayesali Dar akaribishwe sawa na mwenyeji. Ufunguo akabidhiwe mlinzi, maana wachungaji nao siku hizi wana safari nyingi.

Mzee wa Kanisa,
Chang'ombe, Dodoma.